Maswali ya Wasomaji: Majani ya Viwavi Yasinyauke

Tangu tulipoeleza kwa ufupi, katika toleo lililopita, namna ya kumlea kiwavi nyumbani mpaka awe kipepeo au nondo, barua nyingi zilizotufikia hazikuuliza lolote kuhusu kipepeo. Ziliuliza kuhusu majani. Sikushangaa, kwa kuwa kiwavi mwenyewe hana makuu. Anayemsumbua mfugaji ni mmea uliokatwa, ambao tangu unapotengana na mizizi yake huwa umeanza kufa, na yote tunayoyafanya baada ya hapo ni kuchelewesha kifo hicho kwa siku mbili tatu. Nimechagua barua saba na kuzifupisha, nami nimejibu kwa urefu pale tu ninapoona kwamba jambo lenyewe linastahili.

Swali: Nina viwavi kumi na wawili wanaokula majani ya mchungwa. Kila asubuhi, nikishamaliza kazi za nyumbani, hukata matawi na kuyatia katika chupa ya maji, lakini ikifika jioni majani yamelegea na viwavi wameyakimbia. Mchungwa wenyewe umestawi vizuri. Ninakosea wapi?

Jibu: Nadhani kosa lako haliko katika chupa, bali katika dakika zile zilizo kati ya mkasi na chupa. Maji hupanda ndani ya shina kwa kupitia mirija myembamba sana, yakivutwa kutoka juu na majani yenyewe yanapopoteza mvuke kupitia vitundu vyake vya kupumulia, hivyo maji yaliyomo ndani ya mirija hiyo yamevutika kama uzi uliokazwa. Ukikata shina hewani, uzi huo hukatika, na hewa huingia mahali pa maji. Kitawi kikitiwa chupani baadaye, viputo vya hewa huwa vimekwisha kuziba njia, na majani hufa kwa kiu ilhali kikonyo kimesimama majini.

Dawa yake ni kukata mara mbili. Nenda mtini na ndoo yenye maji, kata kitawi kirefu kuliko unachokihitaji, kitumbukize papo hapo. Kisha ukifika nyumbani, ukiwa umezamisha ncha ndani ya bakuli la maji, kata tena kipande cha sentimita mbili au tatu kwa mshazari, kwa kisu au mkasi mkali usiobana nyuzi za shina. Mkato huu wa pili huondoa sehemu iliyoingiwa na hewa, na kwa kuwa unafanyika majini, kinachovutwa ndani safari hii ni maji. Kihamishie chupani bila kukawia.

Saa ya kukata nayo ina uzito wake. Umeandika kwamba unakata baada ya kazi za nyumbani, wakati ambapo jua limekwisha kuyanyonya majani. Mmea huo huo ukikatwa alfajiri, ukiwa umejaza tena maji yake usiku kucha, huanza safari ya kunyauka ukiwa na akiba. Ikiwa alfajiri haiwezekani, jioni baada ya jua kutua ni afadhali kuliko mchana.

Baada ya hapo yamebaki mambo ya kupunguza matumizi. Ondoa majani yote ambayo yangezama majini, kwa sababu yataoza na kulisha bakteria, na bakteria hao hufanya ute unaoziba mirija ile ile uliyojitahidi kuifungua. Usikate tawi lenye majani mengi kuliko yatakayoliwa kwa siku mbili, kwani kila jani lisiloliwa linakunywa maji ya jani litakaloliwa. Weka chupa mahali penye mwanga wa kawaida lakini pasipo na jua la moja kwa moja, wala upepo wa feni. Kila siku mwaga maji, sugua chupa, ukate tena ncha ya kikonyo walau kwa upana wa kidole.

Utasikia watu wakishauri kwamba vikonyo vigumu vya miti vipondwe kwa nyundo ili vinywe maji zaidi. Mimi sikubaliani nao: shina lililopondwa ni jeraha kubwa linalooza haraka, na mkato safi hulishinda. Mimea yenye utomvu mweupe kama maziwa, ambayo ndiyo chakula cha viwavi wa kundi la vipepeo liitwalo Danaus, ina shida yake yenyewe, kwa kuwa utomvu huo huganda kwenye mkato na kuuziba; suuza ncha kwa maji ya vuguvugu mpaka utomvu ukome kutoka, ndipo uitie chupani, nawe uangalie usiguse macho yako kabla ya kunawa mikono.

Kitawi kilichokwisha kulegea si lazima kitupwe. Kata ncha upya, kizamishe chote, majani na shina, katika maji ya baridi kwa muda wa nusu saa, kisha kikaushe vizuri. Kikisimama, kimepona, kisiposimama, hakitapona, na usimpe kiwavi, kwa kuwa maji anayoyahitaji karibu yote huyapata katika jani analolitafuna.

Swali: Nilifuata maelekezo ya kutumia chupa, majani yakabaki mabichi, lakini leo nimekuta viwavi watano wamezama. Walifuata nini majini?

Jibu: Hawakufuata maji. Kiwavi hushuka kwenye shina kwa sababu nyingi: kutafuta kivuli, kutafuta mahali pa kutulia ili ajivue gamba, au, akiwa amekomaa, kutafuta mahali pa kugeuka pupa, yaani hatua ya kutulia kabla ya kuwa kipepeo au nondo, naye akifika kwenye uso wa maji haelewi kwamba njia imekwisha. Ziba mdomo wa chupa. Pamba au karatasi ya tishu iliyokunjwa na kusokotwa kuzunguka vikonyo inatosha, mradi isizame hata kidogo, kwa maana ikigusa maji itayanyonya na kuyapandisha juu, nawe utakuwa umewatengenezea kinamasi. Walio na viwavi waliototolewa karibuni, ambao ni wembamba kama uzi, wasiamini pamba peke yake. Ni heri kutumia kichupa chenye kifuniko, kukitoboa tundu la ukubwa wa kikonyo, na kupitisha kikonyo humo kikiwa kimebana. Chupa na iwe nzito, kwa kuwa kitawi chenye viwavi wakubwa huielemea upande mmoja na kuiangusha.

Swali: Rafiki yangu hatumii maji kabisa. Huweka majani na viwavi wadogo katika kopo la plastiki lililofungwa kabisa, bila tundu hata moja, na majani yake hukaa mabichi siku tatu. Je, viwavi hawakosi hewa?

Jibu: Rafiki yako anajua kazi yake, na hili ni swali ninalolipenda kwa sababu lina historia ndani yake. Mnamo 1829 hivi, daktari mmoja wa London, Nathaniel Bagshaw Ward, alifukia pupa wa nondo katika udongo wenye unyevu ndani ya chupa ya kioo, akaifunga, akawa anasubiri nondo atoke. Kabla ya hapo, akaona mche wa kangaga na wa nyasi vimechipua humo, vikastawi ilhali makangaga ya bustani yake yalikuwa yakifa kwa moshi wa mji. Maji yaliyotoka majanini kama mvuke yaligeuka matone kwenye kioo na kurudi udongoni. Kutokana na chupa hiyo yalizaliwa masanduku ya kioo ambayo kwa miaka mingi yalisafirisha mimea hai kuvuka bahari. Mfuga nondo, kwa bahati, aligundua namna ya kuhifadhi mmea. Sisi tunairudisha hekima hiyo kwa mfuga nondo.

Kopo la rafiki yako linafanya kazi hiyo hiyo. Hewa iliyomo ikishajaa mvuke, jani haliendelei kupoteza maji, hivyo hubaki bichi bila kunywa. Kuhusu kukosa hewa, viwavi wachache walio wadogo hutumia kiasi kidogo mno cha oksijeni kikilinganishwa na iliyomo katika kopo la ukubwa wa lita moja, na kulifungua mara moja kila siku, kwa ajili ya kusafisha, kunatosha kuibadilisha yote.

Lakini hesabu hii ni ya wadogo. Kiwavi wa kawaida hujivua gamba mara nne, na katika hatua yake ya mwisho hula zaidi ya robo tatu ya chakula cha maisha yake yote. Kinachoingia kwa wingi hutoka kwa wingi, na kinyesi kibichi hutoa maji. Kopo lililokuwa salama juma lililopita huwa bwawa juma hili. Kwa hiyo tandika karatasi ya tishu chini, ibadilishe kila siku pamoja na kinyesi kilicho juu yake, na utazame kuta za kopo: ukungu mwepesi wa mvuke si kitu, lakini matone yanayotiririka ni onyo, na siku utakapoyaona, fungua kifuniko, kausha kopo, na upunguze ama majani ama viwavi. Wakifikia urefu wa kidole gumba wahamishie katika kizimba cha neti, ambako majani yatahitaji chupa kama tulivyoeleza juu. Na kopo lisiwekwe juani hata kwa dakika chache, kwa kuwa plastiki iliyofungwa hugeuka tanuri.

Ambacho wafugaji wengi hukosea ni kuchanganya njia hizi mbili, yaani kuweka majani yaliyoloweshwa, au pamba iliyolowa, ndani ya kopo lililofungwa. Jani bichi lina maji yake ya kutosha kulijaza kopo mvuke. Ukiongeza mengine, unalisha ukungu.

Swali: Mimi ni mwalimu, na darasa langu linalea viwavi. Miti ya malisho iko mbali, nami siwezi kukata majani kila siku. Je, ninaweza kuyahifadhi kwenye jokofu, na kwa muda gani?

Jibu: Unaweza, Mwalimu. Chagua majani yasiyo na doa, yakague upande wa chini usije ukachukua mayai ya wadudu wengine au buibui, uyapanguse yakauke, kisha yatie katika mfuko wa plastiki pamoja na kipande cha tishu kilicholoweshwa na kukamuliwa, na uufunge. Weka sehemu ya mboga, mbali na ukuta wa nyuma ambako baridi huweza kuyagandisha, kwa sababu jani lililoganda likiyeyuka huwa jeusi na halifai. Majani magumu kama ya mchungwa au mforosadi hukaa hivyo kwa takriban juma moja. Majani laini huchoka baada ya siku mbili au tatu, na unayatambua kwa harufu kabla ya kuyatambua kwa macho.

Usiyatoe jokofuni na kumpa kiwavi wakati huo huo. Yaache juu ya meza mpaka yapate joto la chumba, uyapanguse umande utakaojitokeza, ndipo umpe. Yatoe ya siku hiyo tu, kwani jani linaloingia na kutoka baridini halidumu.

Hata hivyo, kwa darasa ningependekeza mmea wenye mizizi ndani ya chungu, ukafunikwa kwa mfuko wa neti pamoja na viwavi wake. Hakuna kitawi kinachoweza kushindana na mmea ulio hai, na siku za mapumziko mwalimu hulala usingizi. Uwe na vyungu viwili au vitatu vya kubadilishana, kwa sababu viwavi wakubwa watano wanaweza kuumaliza mmea mdogo kwa muda ambao watoto hawatauamini.

Swali: Maua hudumu zaidi yakitiwa sukari au ile poda inayouzwa pamoja nayo. Je, nifanye vivyo hivyo kwa majani ya viwavi?

Jibu: Hapana. Poda hiyo huwa na kemikali za kuua vijidudu, na chochote kinachoingia kwa kikonyo hufika katika jani, na kilicho katika jani huingia tumboni mwa kiwavi. Sukari peke yake hukuza bakteria majini. Maji safi, yanayobadilishwa kila siku, yanatosha.

Swali: Viwavi wangu wa hariri walikuwa wazima, kisha kwa siku mbili wakaanza kuhara, wakalegea, na baadhi wakageuka weusi. Majani ya mforosadi nayaosha kila mara na kuyanyunyizia maji yasikauke. Je, ni ugonjwa wa kuambukiza?

Jibu: Inawezekana ukawa ugonjwa wa kuambukiza, lakini katika barua yako jambo lililonishtua ni hilo la kunyunyizia. Mwaka 1865 Louis Pasteur, ambaye hakuwa amewahi kushughulika na wadudu hao, aliombwa kwenda kusini mwa Ufaransa kuchunguza tauni iliyokuwa ikiangamiza viwavi wa hariri. Kazi hiyo ilimchukua takriban miaka mitano, na sababu mojawapo ni kwamba aligundua kuwa maradhi yalikuwa mawili yaliyochanganyika. La kwanza lilipita kutoka kwa mama hadi mayai yake, na pia kwa kiwavi mzima kula jani lililochafuliwa na kinyesi cha mgonjwa. La pili, linalofanana zaidi na unaloeleza wewe, lilikuwa la tumbo: jani lilichacha ndani ya kiwavi badala ya kusagwa, naye akalegea na kuwa mweusi, nalo lilihusiana na majani yaliyolowa au kuvunda, joto, na msongamano.

Kuosha majani si kosa, hasa ikiwa yametoka kando ya barabara yenye vumbi. Kosa ni kuyapeleka kwa kiwavi yakiwa bado yanadondoka maji. Yakung'ute, uyapanguse kwa kitambaa, uyaache mpaka upitishe kidole na kidole kibaki kikavu. Maji yaende kwenye kikonyo, na uso wa jani ubaki mkavu. Nikitakiwa kuwaachia wasomaji kanuni moja tu katika ukurasa huu, ningewaachia hiyo. Hata chupani, jani changa lililojaa maji kupita kiasi huwafanya baadhi ya viwavi wahare. Hao wape majani yaliyokomaa zaidi, au uyatoe majini saa chache kabla ya kuwalisha.

Kwa sasa watenge walio wazima katika chombo kipya, wasilundikane, na usirudishe jani lolote lililotoka kwa wagonjwa hata kama lingali bichi. Waliokufa wafungie kwenye mfuko na kuutupa. Chombo cha zamani kioshe kwa sabuni, kisha kwa maji yenye dawa ya klorini ya kufulia, ukisuuze na kukianika kikauke kabisa kabla ya kukitumia tena.

Iwapo viwavi wangekuwa wamekufa wote kwa pamoja, ndani ya saa chache baada ya kupewa majani mapya, wakijikunja na kutapika, ningeshuku dawa ya kuua wadudu. Kuosha huondoa vumbi na baadhi ya dawa za juu juu, lakini ziko dawa zinazofyonzwa na mmea na kuenea ndani ya majani, na hizo haziondolewi kwa maji yoyote. Msidanganyike na bustani inayosifiwa kuwa haitumii kemikali, kwa maana bakteria aitwaye Bacillus thuringiensis, anayeruhusiwa sana katika kilimo cha namna hiyo, kazi yake hasa ni kuua viwavi. Mmea mpya kutoka kwa muuza miche jaribuni kwanza kwa kiwavi mmoja au wawili, mngoje siku mbili, ndipo muwape wengine.

Swali: Kila ninapobadilisha majani huwashika viwavi mmoja mmoja na kuwahamishia kwenye kitawi kipya. Wengine hung'ang'ania jani la zamani mpaka naogopa nitawachana. Kuna njia bora?

Jibu: Iko, nayo ni ya uvivu. Simamisha kitawi kipya karibu na cha zamani, majani yakigusana, uwaache wahame wenyewe; wenye njaa watakuwa wamevuka kabla ya saa chache kupita. Wadogo sana, ikibidi kuwagusa, inua kwa ncha ya brashi laini ya kuchorea.

Wale wanaong'ang'ania usiwavute kabisa. Kiwavi aliyetulia tuli, ameinamisha kichwa na hali chakula, kwa kawaida anajiandaa kujivua gamba. Amekwisha kutandaza hariri juu ya jani na kuinasa miguu yake ya nyuma humo, ili ngozi kuukuu ibaki imeshikwa yeye anapotoka kwa mbele. Ukimbandua, gamba halitatoka vizuri, na mara nyingi atakufa. Kata kwa mkasi kipande cha jani alichokalia, ukibandike au ukiegeshe juu ya jani jipya, umwache. Hali hiyo huchukua siku moja, pengine zaidi kukiwa na baridi. Jani lake likinyauka wakati huo si hasara, kwa sababu hali chochote. Ila hakikisha kwamba jani bichi liko karibu naye atakapomaliza, kwa kuwa wengi wao, wakishapumzika, hula kwanza gamba walilolivua, kisha hugeuka mara moja kutafuta majani.